Aliyepoa kazini si mvivu

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumzie lawama iliyozoeleka hapa Malindi, kwamba wafanyakazi wa siku hizi hawana moyo wa kazi. Wenye hoteli wanasema vijana ni wavivu. Vijana nao wanasema kazi yenyewe haina maana, wanasukuma siku tu mwezi uishe. Sisi kazi yetu ni kusimamia zamu na kufundisha watu wa hoteli, wa vyumbani, dobini na jikoni, na tunaona pande zote mbili hazijagusa penye kidonda. Mtu hupoa kazini pale anapogundua kwamba akijali au asipojali, mambo ni yale yale. Hilo ndilo la kutengenezwa, na sehemu kubwa ya matengenezo yake ni mambo madogo madogo ya kila siku ambayo hayamfilisi mtu.

Kabla ya kutengeneza, lakini, ni lazima ujue kilichoharibika. Kuna uchovu, kuna dai, na kuna kupoa, na tiba zake hazifanani. Uchovu dawa yake ni mapumziko. Mpe mtu siku zake za kupumzika kamili, simu ya kazini isimfuate nyumbani, kisha mtazame wiki inayofuata. Akirudi na nguvu zake, alikuwa amechoka tu. Dai ni mshahara uliochelewa, saa za ziada ambazo hazikulipwa, tipu za sanduku ambazo hakuna ajuaye zinagawanywa vipi. Hapo maneno matamu hayasaidii, maana dawa ya deni ni kulipa. Aliyepoa ni yule aliyelala vya kutosha, mshahara wake umeingia, na bado anafanya kazi bora liende.

Shirika la Afya Duniani, katika orodha ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019, lilieleza hali ya kuchoshwa na kazi kwa alama tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi kimawazo au kuidharau, na kuona kwamba huwezi tena kuifanya ipasavyo. Likasema wazi kwamba hilo ni jambo linalotokana na mahali pa kazi, wala halikuliita ugonjwa. Tunalitaja kwa sababu kuna mameneja wanaomwambia mfanyakazi akapimwe, hali chanzo kipo kwenye ratiba yao wenyewe. Kwa upande mwingine, mtu akikosa raha hata nyumbani kwake, usingizi haumjii, chakula hakimpandi, na hali hiyo ikazidi wiki mbili, asibaki kushauriwa na supavaiza. Aende hospitali akaonane na daktari, na ruhusa ya kwenda apewe bila maswali mengi.

Basi tunawaomba wenye hoteli, kabla hawajamwita mtu wa kutoa hotuba za kutia moyo, wafungue faili za wafanyakazi wao. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inataka masharti ya kazi yawe kwa maandishi, mfanyakazi apate angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na akitimiza miezi 12 mfululizo apate likizo ya malipo isiyopungua siku 21 za kazi. Inataka pia apewe karatasi inayoonyesha mshahara wake na kila kilichokatwa. Mtu asiyejua kwa nini mshahara wake umepungua shilingi 500 hawezi kukaa akatafakari maana ya kazi. Haki hizi hazimtii mtu moyo, ila zikikosekana hakuna jambo lingine litakaloshika.

Sasa twende vyumbani, maana huko ndiko watu hupoa kwa wingi na ndiko sababu zake zinaonekana wazi zaidi.

Chukua zamu ya saa nane, kutoka saa moja asubuhi hadi saa tisa alasiri. Ni dakika 480. Toa 60 za chai na chakula. Toa 40 za kupokea orodha, kupanga toroli asubuhi na kurudisha vitu jioni. Zinabaki 380. Chumba ambacho mgeni bado yumo kikifanywa sawasawa huchukua kama dakika 30, na cha mgeni aliyeondoka huchukua kama 45. Hoteli nyingi za Malindi ni vibanda vya makuti vilivyotawanyika bustanini, toroli haipiti mchangani, shuka na taulo hubebwa mikononi. Ongeza dakika tatu za kutembea kwa kila chumba. Vyumba vinne vya walioondoka vitakula dakika 192. Zinabaki 188, ambazo hazitoshi hata vyumba sita vya waliopo. Jumla yake ni vyumba tisa, au kumi kwa kujikaza. Orodha ya asubuhi ikimpa mtu vyumba 14, hesabu hiyo haikubali, na kila aliyeipanga anajua.

Mtunza chumba hufanya nini basi? Anaruka. Hafagii chini ya kitanda. Hafuti reli za dirisha, ambazo hapa pwani hushika chumvi kila siku. Bomba la bafuni linalotakiwa kufutwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi kisha likaushwe kwa kitambaa kikavu, ili chumvi isilile, analipitishia taulo iliyotumika. Dawa ya choo inatakiwa ikae dakika tano hadi kumi kabla ya kusuguliwa, na mjuzi huimwaga kwanza akaenda kutandika kitanda ikifanya kazi yake. Mwenye haraka huimwaga na kuisugua hapo hapo, doa linabaki, kesho anaongeza dawa kali zaidi, na baada ya msimu mmoja sinki la choo limepoteza ung'avu. Jioni supavaiza anatia saini vyumba vyote 14 bila kuingia hata nusu yake. Mwenzake aliyefanya vyumba kumi kwa uangalifu ndiye anayeitwa mzembe, maana amebakisha vinne. Mtu hahitaji kuona hayo mara nyingi. Akishajua kwamba uangalifu unamletea karipio na uongo unamletea saini, anachagua saini, na kuanzia hapo mwili uko kazini, roho iko kwingine.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kupanga orodha kwa dakika, si kwa idadi ya vyumba. Vyumba vya walioondoka vihesabiwe kuwa kimoja na nusu. Siku wageni ni wengi kupita uwezo, meneja aamue yeye, kwa mdomo wake na mbele ya watu, kitakachoachwa: leo hatufuti madirisha, leo shuka zinabadilishwa kwa walioondoka peke yao. Kuacha jambo kwa amri hakumvunji mfanyakazi. Kinachomvunja ni kulazimishwa aliache kwa siri kisha aseme amelifanya.

Hatua ya pili ni kurudisha kazi nzima. Hoteli nyingi, kwa kutafuta kasi, zimeigawa kazi vipande: mmoja anavua shuka vyumba vyote, mwingine anaingia mabafu yote, wa tatu anatandika. Kasi huja kwa wiki chache. Kisha hakuna mwenye chumba, doa likionekana kila mmoja anaelekeza kwa mwenzake. Wataalamu wawili wa Marekani, Hackman na Oldham, walieleza mwaka 1976 mambo matano yanayoipa kazi maana machoni mwa anayeifanya: itumie ujuzi wa namna mbalimbali, iwe na mwanzo na mwisho unaoonekana, iwe na umuhimu kwa watu wengine, impe mfanyakazi nafasi ya kuamua, na imwonyeshe matokeo yake. Ukikata chumba vipande vitatu umeyaua karibu yote kwa mara moja. Wape watu wawili safu moja ya vyumba, waishike kwa muda usiopungua mwezi, waanze chumba na kukimaliza, na waamue wenyewe waanzie wapi, isipokuwa pale mgeni alipoomba saa maalumu. Kila siku supavaiza akague vyumba viwili vya kila jozi, wenyewe wakiwepo, dakika tano kwa kila chumba. Aseme jambo moja lililofanywa vizuri, kwa jina lake, na jambo moja la kurekebisha. Neno "safi" peke yake halimfundishi mtu kitu, kwa sababu hajui ni kipi alichofanya kikaonekana.

Tukiulizwa dalili ya kwanza ya mtu kupoa ni ipi, hatusemi kuchelewa. Tunasema ni kunyamaza. Aliyekuwa akija kusema bomba la chumba fulani linavuja, siku hizi hasemi. Mwaka 1990 mtafiti William Kahn, aliyekuwa wa kwanza kuandika kwa kina juu ya watu kujitolea kazini kwa moyo wote na kujitenga nayo kimoyo, alitaja masharti matatu: mtu aone maana katika anachokifanya, aone usalama wa kujionyesha bila kuumizwa, na awe na nguvu za mwili na akili za kujitolea. Kunyamaza ni alama kwamba la pili limekufa. Ama alisema akaambiwa "umelivunja wewe", au alisema mara tatu na hakuna aliyekuja.

Dawa yake ni daftari moja la kurasa 200 lenye safu nne: tarehe na saa, chumba na kasoro, jina la aliyepokea, na jibu. Kanuni ni moja, nayo haina udhuru: kila kilichoandikwa kipate jibu kabla ya adhuhuri ya siku ya pili, hata jibu likiwa "kifaa hakipo, kinatoka Mombasa Jumatano". Madaftari haya hufa mapema kwa sababu ile ile kila mahali. Yanafunguliwa kwa shangwe, halafu fundi wa matengenezo hana hata washa ya bomba, kile kipete cha mpira cha kuzuia kuvuja, ya kubadilisha. Kwa hiyo pamoja na daftari kuwe na sanduku: washa za bomba za saizi zinazotumika hotelini hapo, tepu nyeupe ya kuzungushia uzi wa bomba, balbu, fyuzi, misumari, skrubu, vitasa viwili vitatu vya dirisha. Likaguliwe kila Jumamosi na kinachopungua kinunuliwe.

Na si kila kitu kimsubiri fundi. Chandarua kina tundu la ukubwa wa kidole. Kwa utaratibu wa hoteli nyingi, mtunza chumba aandike, supavaiza asaini, stoo itoe chandarua kingine, na mgeni alale na mbu usiku huo. Mpe yule mtunza chumba sindano na uzi mweupe katika toroli yake, ataliziba kwa dakika tatu. Mpe pia ruhusa ya kuiondoa taulo iliyochakaa bila kuomba saini. Mtu anayeweza kuondoa kero ya mgeni kwa mkono wake mwenyewe siku hiyo hiyo hahitaji kuhubiriwa kuhusu maana ya kazi.

Dobini shida ni nyingine. Watu wa dobi wanafua mamia ya shuka za watu ambao hawatawaona. Hawajui doa limetoka wapi wala shuka inakwenda wapi. Mafuta ya kujikinga na jua wanayojipaka wageni, mengi yake huacha doa la rangi ya kutu maji yakiwa na madini ya chuma, na dawa ya klorini hulikoleza badala ya kulitoa. Doa hilo lilitakiwa lipakwe sabuni ya maji ya vyombo kabla ya kufuliwa, na klorini isilikaribie. Lakini mtu wa dobi hawezi kulijua mapema shuka zikimfikia zote zimefungwa mzigo mmoja. Wa vyumbani akielezwa, atazitenga zenye madoa na kuzifunga fundo lake. Tunapendekeza kila mwezi mtu wa dobi akae nusu zamu vyumbani, na wa vyumbani akae nusu zamu dobini. Gharama yake ni saa chache. Faida ni kwamba kila mmoja anaona kazi yake inaishia mikononi mwa nani, na shuka zinazotupwa zinapungua.

Kuna utafiti wa Adam Grant na wenzake uliochapishwa mwaka 2007 ambao wenye hoteli wangefaa kuujua. Wafanyakazi wa chuo kikuu kimoja cha Marekani, waliokuwa wakipiga simu kuomba michango ya kuwasomesha wanafunzi, walikutanishwa kwa dakika chache na mwanafunzi aliyesomeshwa kwa fedha hizo. Mwezi mmoja baadaye muda wao kwenye simu ulikuwa umezidi maradufu, na fedha walizokusanya pia. Wenzao waliosoma barua ya mwanafunzi huyo tu hawakubadilika. Sisi tunaona fundisho lake kwa hoteli ni hili: kubandika maoni ya wageni ukutani ni jambo zuri ila halitoshi. Mgeni anapoondoka, aliyemtunzia chumba aitwe mapokezi amuage. Hapa Malindi watu wengi wa hoteli wanazungumza Kitaliano kizuri walichojifunza kazini, na bado kuna hoteli zinazowakataza watunza vyumba kuongea na mgeni zaidi ya salamu. Huko ni kumnyang'anya mtu ushahidi kwamba kazi yake imemfaa mtu. Jikoni ni rahisi zaidi: mpishi aende mara moja kila zamu mahali sahani chafu zinaporudi, atazame ni nini kimebaki.

Hayo ni ya wenye hoteli. Mfanyakazi naye ana lake, na hatumshauri akae kusubiri meneja abadilike. Chukua daftari dogo la mfukoni. Kila mwisho wa zamu, kabla hujatoka langoni, andika mistari mitatu: kazi iliyonipa nguvu leo, kazi iliyonimaliza, na mtu niliyemfaa. Usiahirishe mpaka nyumbani, huko utasahau au utaandika hasira za njiani. Fanya hivyo zamu 12. Kisha kaa uhesabu. Mara nyingi utakuta kinachokumaliza ni jambo moja au mawili yanayojirudia, na kazi iliyobaki haina neno. Labda ni mkutano wa asubuhi unaoanza kwa matusi. Labda ni kubeba maji ghorofani siku pampu isipofanya kazi. Labda huna hata mstari mmoja kwenye "mtu niliyemfaa", na hiyo nayo ni habari.

Chagua badiliko moja tu, ulijaribu wiki tatu. Laweza kuwa la kazi yenyewe, kwa kubadilisha mpangilio au kubadilishana na mwenzako ambaye kinachokuchosha yeye hakimchoshi. Laweza kuwa la watu, kwa mfano kuomba jozi nyingine au kumfundisha mgeni wa kazi. Na laweza kuwa la namna unavyoitazama kazi. Amy Wrzesniewski na Jane Dutton, walioandika juu ya jambo hili mwaka 2001, walieleza habari za wasafishaji wa hospitali: kazi ile ile, sakafu ile ile, baadhi yao wakajiona wapiga deki tu, na wengine wakajiona ni sehemu ya kumponya mgonjwa, wakawa wanaangalia na yasiyoandikwa kwenye orodha yao. Hatusemi ujidanganye kwamba kazi mbaya ni nzuri. Tunasema uangalie inamfikia nani.

Wengi hushindwa kwa sababu tatu. Wanachagua jambo lisilo mikononi mwao. Au wanabadilisha mambo matano kwa pamoja, wasijue lipi limesaidia. Au wanafanya kimya kimya, supavaiza akadhani wanakwepa. Sema mapema, kwa adabu: "Mama, naomba wiki tatu nijaribu kuanza na mabafu. Ikiharibika tunarudi tulipokuwa." Ni nadra kukataliwa ombi lenye mwisho. Na hapa tutoe onyo kwa waajiri wanaoyapenda sana maneno kama haya: mtu aliyepanua kazi yake kwa moyo wake hajakupa ruhusa ya kumwachia kazi ya watu wawili kwa mshahara wa mmoja. Ukifanya hivyo, wote wanaotazama wanajifunza kutojitolea.

Mazungumzo na aliyepoa yana namna yake. Yasifanyiwe ofisini wala mbele ya wenzake. Dakika 20 chini ya mwarobaini zinatosha, simu zikiwa zimezimwa. Salamu kwanza, na ya nyumbani yaulizwe kwa dhati. Supavaiza wa miaka 26 anayezungumza na mtu wa bustani wa miaka 55 asianze na makosa. "Mzee, hapa wewe ungefanyaje?" ni swali linalomrudisha mtu kazini kuliko karipio lolote, kwa sharti kwamba jibu lake litafanyiwa kazi au ataelezwa kwa nini haliwezekani. Muulize ni lipi lilikuwa likimpendeza zamani likaondoka, ni lipi limzuialo kufanya kazi anavyojua inavyotakiwa, na ni jambo gani moja angetaka libadilike mwezi huu. Andika majibu mbele yake. Rudi kwake baada ya siku saba. Usiporudi, bora usingeuliza.

Tusiache Ramadhani. Weita aliyefunga hukutwa na adhana ya Magharibi yuko katikati ya ukumbi na trei mkononi, akafuturu kwa maji ya kusimama nyuma ya mlango wa jikoni. Dakika 20 za kufuturu na kuswali zinapangika: wenzake Wakristo wamshikie meza, naye awashikie Krismasi na Pasaka. Kazi nzito za vyumbani ziwekwe asubuhi mapema. Ratiba hii ipangwe wiki mbili kabla ya mwezi kuandama, tena wenyewe wakiwepo.

Halafu kuna msimu wa chini. Wageni hupungua kuanzia Aprili mvua za masika zinapoingia, hoteli nyingine hufunga mpaka Julai, na wenye kandarasi za msimu hurudishwa nyumbani. Wengi hupoa kipindi hiki, hata wanaobakishwa, na waajiri hushangaa: kazi ni chache, kwa nini inafanywa vibaya zaidi? Jibu lilionekana zamani. Mwaka 1933 Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel walichapisha utafiti wao wa kijiji cha Marienthal huko Austria, ambako kiwanda kilikuwa kimefungwa. Watu walikuwa na muda tele, lakini hata vitabu vya maktaba wakawa wanaazima vichache kuliko walipokuwa na kazi. Muda usio na mpangilio haumpumzishi mtu, unamlegeza. Kwa hiyo wanaobaki wapewe kila wiki jambo moja la kuanza na kulimaliza: vyandarua vyote vya safu moja vishonwe, viti vya bustani vipakwe vanishi, stoo ihesabiwe upya. Na saa moja kila Alhamisi mfanyakazi mmoja awafundishe wenzake anachokijua, iwe Kitaliano cha mapokezi au upishi wa wali wa nazi usiobonda. Wanaoondoka waambiwe kwa maandishi kabla ya Machi 31: tarehe ya kurudi, au kama haijulikani, tarehe ambayo wataambiwa. Kumwacha mtu apige simu kila wiki kuuliza ni kumfundisha kwamba hahesabiki.

Mengine tutayapita haraka. Cheti cha Mfanyakazi Bora wa Mwezi kikizunguka kwa zamu kila mtu anajua hakina maana, na heri kisiwepo. Semina ya siku moja huwapa watu chai nzuri, na wakirudi Jumatatu orodha ni ile ile ya vyumba 14. Mameneja wa kati wasisahauliwe, kwani nao wanapoa: ripoti ya mwaka 2025 ya Gallup, shirika la Marekani la kupima maoni ya watu, ilionyesha kwamba duniani kote walio na moyo wa kazi miongoni mwa mameneja walishuka kutoka asilimia 30 hadi 27 kwa mwaka mmoja, na wafanyakazi wote kwa jumla kutoka 23 hadi 21. Supavaiza aliyepoa hawezi kumpasha moto mwingine. Apewe naye mtu wa kumuuliza yale maswali matatu.

Na kuna mahali ambapo kuondoka ndiko sawa. Ukitakiwa uwadanganye wageni, ukinyimwa haki za sheria baada ya kuzidai, au ukijaribu miezi mitatu na hakuna kilichosogea, tafuta kwingine. Tafuta ukiwa bado kazini. Anayelipwa kwa mwezi anatakiwa atoe notisi ya maandishi ya siku 28, isipokuwa kandarasi yake inasema zaidi. Usiondoke bila cheti cha utumishi: kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira kinamlazimu mwajiri akitoe kwa kila aliyefanya kazi wiki nne mfululizo au zaidi, hata kama mmeachana kwa ugomvi.

Mwisho, kwa mameneja watakaojaribu haya msimu huu: msipime mafanikio kwa nyuso zenye tabasamu. Tazameni daftari la matengenezo. Mwezi wa kwanza wa kulitumia kurasa zitajaa, mabomba, vitasa, vyandarua, taa, na mwenye hoteli atashtuka akidhani jengo limeharibika kwa ghafla. Kasoro hizo zilikuwepo siku zote, ila watu walikuwa wamenyamaza. Mwezi huo ndio wa kununua vifaa na kujibu kila mstari. Mkiwakaripia walioandika, kurasa zitarudi kuwa tupu, na mara ya pili mkifungua daftari hakuna atakayeligusa.

Wasimamizi wa zamu na wakufunzi wa kazi za hoteli,
Malindi